UZI: Sauti ya filamu haiokotwi lokesheni, inajengwa. Karibuni tuichambue

Sikio la Tatu (mleta uzi)

Wakuu, salaam kwenu.

Kule kwenye uzi wa filamu zetu kuna mdau kaandika kwamba tatizo la Bongo Movie ni kamera, na watu wengi wakamuunga mkono. Sikutaka kuharibu uzi wa mtu, nimefungua wangu. Kamera siyo tatizo tena. Simu iliyo mfukoni mwako inatoa picha safi kuliko kamera tulizokuwa tunakodi zamani kwa kuchangishana. Mtazamaji akishakamatwa na hadithi atavumilia picha yenye chenga, ila akianza kumuuliza aliyekaa jirani "kasemaje huyo?", ujue umeshampoteza.

Kazi yangu ni kuchanganya sauti hapa Dar, tamthilia na matangazo kwa wingi, filamu pale riziki inapofunguka. Hoja yangu naiweka mezani mapema ili wanaotaka kuitwanga waanze kutafuta michi: fundi wa sauti anapimwa kwa alivyoviondoa kuliko alivyoviongeza. Nitaifikia. Kwanza tukubaliane tunaongelea nini.

Sehemu kubwa ya unachokisikia kwenye filamu haikuwepo siku ya kupiga picha. Siku ile maikrofoni ya fimbo na zile ndogo za kubana kifuani zinawinda kitu kimoja tu, maneno ya waigizaji. Mlango unaofungwa, kikombe kinachotua mezani, kanga inayochakacha mama akiinuka, mbwa wa mtaa wa tatu, vyote hivyo hutengenezwa baadaye na kupandwa mahali pake kimoja kimoja.

Mpangilio wa kazi ukiheshimiwa uko hivi. Edita anakata picha mpaka inafungwa, yaani anaapa kuwa hatasogeza tena hata fremu moja. (Anaapa. Halafu saa saba usiku unapokea toleo jipya lenye jina "ya mwisho kabisa 3".) Baada ya hapo mwongozaji, watu wa sauti na mtunzi wa muziki wanakaa pamoja kuitazama filamu yote, wanasimama kila sini na kukubaliana: hapa muziki uingie, hapa utoke, hapa maneno yamechafuka yarudiwe studio, hapa nje kuna mvua. Kisha kazi inagawanywa. Mmoja anasafisha mazungumzo, mwingine anatafuta na kutengeneza milio, mwingine anafanya foli (kuigiza nyayo, nguo na vitu vinavyoshikwa huku akitazama picha), mtunzi anakwenda zake. Mwisho vyote vinarudi kwenye meza moja na kuchanganywa, huku mazungumzo, muziki na milio vikiachwa kwenye mafungu matatu yanayoweza kutenganishwa. Hayo mafungu yakumbukeni, tutayarudia.

Naendelea bandiko linalofuata.

Kijana wa Keko

Natia nanga hapa. Tiririka mkuu.

Sikio la Tatu (mleta uzi)

Foli ndiyo sehemu inayowafurahisha watu, basi tuimalize.

Jina limetoka kwa mtu, Jack Foley, aliyekuwa akifanya kazi studio ya Universal huko Marekani tangu 1914, enzi za picha bubu. Mwaka 1927 Warner Bros. wakatoa The Jazz Singer, filamu yenye sauti ikageuka biashara, na studio nyingine zikajikuta na filamu bubu mkononi. Universal walikuwa na Show Boat. Ikabidi itiwe sauti ndipo iingie sokoni mwaka 1929, na Foley na wenzake wakasimama mbele ya skrini wakipiga hatua na makofi huku picha ikiendelea kupita. Mpaka leo kazi inafanyika vilevile. Mtu anasimama na rundo la viatu, mchanga, kokoto, vipande vya mbao na nguo kuukuu, anatazama skrini na kutembea kama mwigizaji.

Kuna nyayo, kuna mchakacho wa nguo, kuna vitu vinavyoshikwa. Hatua kwenye theluji ni wanga wa mahindi ndani ya mfuko wa ngozi unaofinywa. Kwato za farasi ni vifuu viwili. Mfupa unaovunjika ni mboga mbichi iliyokunjwa mdomoni mwa maikrofoni. Mwongozaji Alfred Hitchcock, kwa ile sini ya kisu ya filamu ya Psycho ya mwaka 1960 ambayo wengi mnaijua, alichagua tikiti la kuchomwa baada ya kusikilizishwa aina kadhaa.

Milio mikubwa nayo ina hadithi zake. Ben Burtt alipotengeneza sauti za Star Wars, filamu ya vita vya angani iliyotoka 1977, hakutaka milio ya kubuni ya kielektroniki, alitaka vitu vya duniani. Upanga wa mwanga ni mngurumo wa mota ya projekta kuukuu ukichanganywa na mzizimo wa televisheni uliodakwa na maikrofoni. Risasi zile ni nyundo ikigonga waya unaoshikilia mnara wa redio. Pumzi za Darth Vader, yule adui mwenye barakoa nyeusi, ni kifaa cha wazamiaji. Na zile ndege za kivita za adui, mlio wake ni ukelele wa tembo uliopachikwa juu ya gari linalopita kwenye lami yenye maji. Tembo! Sisi tunaishi nao na hatujawahi kuwarekodi kwa filamu zetu wenyewe.

mama_wa_mikocheni

Kwa hiyo zile ngumi za filamu za Kihindi nilizokuwa nashtuka nazo utotoni ni uongo mtupu? Mmeniumiza leo.

Sikio la Tatu (mleta uzi)

Dada, ngumi ya kweli haina mlio wa maana, ni kishindo kidogo tu cha nyama. Ukiiweka hivyo kwenye filamu watu watadhani wanaigiza. Ndiyo maajabu ya kazi hii: ukweli mara nyingi unasikika kama uongo.

Chumvi ya Bagamoyo

Swali langu ni la siku nyingi. Nikiangalia filamu za Wazungu nyumbani, wakiongea naongeza sauti mpaka mwisho, wakianza kupigana nyumba nzima inaruka na mtoto anaamka. Nashinda na rimoti mkononi. Hawa watu hawasikii wanachotengeneza?

Sikio la Tatu (mleta uzi)

Wanasikia vizuri sana, ila kwenye chumba ambacho wewe huna. Chumba cha kuchanganyia filamu ya sinema kinapimwa ili sauti ya rejea (ya kupimia) kutoka spika moja ifike desibeli 85 kwenye kiti cha fundi. Kimya, giza, spika kubwa. Humo ndani mnong'ono unasikika na bomu linatikisa, na umbali kati ya hivyo viwili ndiyo raha yenyewe. Pia maneno karibu yote yanapita kwenye spika ya katikati, iliyo nyuma ya skrini. Televisheni yako ina spika mbili ndogo, tena nyingi zinatazama ukutani. Ile ya katikati inakunjwa na kugawanywa humo pamoja na milio na muziki, maneno yanazama.

Ingia kwenye mipangilio ya filamu, kama kuna chaguo la stereo (spika mbili) badala ya 5.1 (spika nyingi za kuzunguka ukumbi), chukua stereo. Na kama televisheni ina hali ya usiku, inayopunguza tofauti ya sauti kubwa na ndogo, iwashe.

Kwa wanaopeleka kazi nje, kila soko lina kipimo chake cha ukubwa wa sauti. Televisheni za Ulaya zinafuata -23 LUFS (kizio cha ukubwa wa sauti), Netflix wanapima mazungumzo na kutaka wastani wa -27, YouTube inashusha chochote kinachozidi takribani -14. Ukipeleka miksi moja kila mahali utarudishiwa.

Msafiri_Likoni

Salamu kutoka Mombasa. Hapa kwetu ukitaja sauti ya filamu, mimi moja kwa moja nawaza DJ Afro, yule msimulizi wetu wa filamu za nje. Huyo jamaa anashusha sauti ya filamu yote, anaongea yeye, halafu anaipandisha wakianza kurushiana risasi. Na tunapenda! Sasa kwa hoja yako huyo anaharibu ama anajenga?

Sikio la Tatu (mleta uzi)

Swali tamu hilo, ndugu yangu. Hapa Tanzania tulikuwa na Lufufu, naye msimulizi wa filamu za nje, vibanda vya video vilijaa kwa ajili yake kuliko kwa ajili ya Arnold. Simuiti mharibifu. Yule ni msimulizi, amekalia kiti cha babu mbele ya moto, filamu ni kuni zake tu.

Ila kiufundi angalia kinachomlazimisha kushusha kila kitu. Anachopokea ni sauti moja iliyokwisha kuchanganywa. Maneno ya Kiingereza, muziki, na milango vimeshikana, huwezi kuondoa kimoja. Hapo ndipo yale mafungu matatu yanapokuja. Mwenye filamu anayetaka kuiuza nje anatayarisha fungu lenye muziki na milio peke yake, bila neno la mtu. Nchi nyingine inaweka maneno yake juu, nyayo na mvua vinabaki. Ile tamthilia ya Kichina ya Doudou na mama wakwe zake, iliyorushwa TBC mwaka 2011 kwa Kiswahili, iliwafanya watu wengi hapa wasikie kwa mara ya kwanza Mchina anafoka kwa Kiswahili na sufuria nyuma yake bado inalia. Hizi za Kituruki mnazolia nazo jioni ni njia hiyohiyo.

Na hapa niwachokoze waandaaji wetu: wangapi mnahifadhi mafungu hayo? Filamu nyingi za Bongo haziwezi kutiwa Kifaransa au Kireno hata mnunuzi akija na hela, kwa sababu kilichobaki ni faili moja ya mwisho, na laptopu iliyokuwa na kazi ilishauzwa.

Koo Kavu

Mimi nimewahi kuingiza sauti kwenye tamthilia za nje, studio siitaji. Mleta uzi umegusa ila hujasema ugumu wake. Unavaa hedifoni, sikio moja lina mwigizaji wa asili, mbele yako skrini na saa inayokimbia. Midomo yake ikifunga na wewe ufunge. Sentensi yetu ni ndefu, kwa hiyo mfasiri akiwa mvivu unabaki na maneno mdomoni mwenzio kashanyamaza.

Lakini kinachowashinda wageni ni pumzi. Ile "mh", kumeza mate, kuhema baada ya kupanda ngazi, kicheko kisicho na maneno. Hivyo vyote lazima uvitoe wewe, maana sauti ya yule wa asili imeondoka yote. Ukisahau, mhusika anakuwa maiti inayoongea. Siku ya kilio kikubwa nilitoka humo ndani koo limekwisha, mume wangu akadhani nimetoka msibani.

Sikio la Tatu (mleta uzi)

Koo Kavu, ubarikiwe. Na hii ni hata kwa filamu yetu wenyewe tunaporudia maneno studio. Mwigizaji anakuja amekula, amepoa, anasoma sini ambayo aliicheza akiwa amekimbia juani. Maneno yanafanana, pumzi hazifanani. Mimi huwa nawaambia waruke kidogo kwanza.

Sasa niifikie hoja yangu. Nitatumia filamu moja, Apocalypse Now ya Francis Ford Coppola, ya mwaka 1979, na fundi wake Walter Murch.

Filamu inahusu vita vya Vietnam, ilipigwa Ufilipino. Murch alipewa kazi ya kuamua kila spika ya ukumbi itoe nini: tatu mbele, mbili nyuma zinazojitegemea kushoto na kulia, na uzito wa chini wa kukutikisa kifua. Mpangilio huo ndio baadaye ukaja kuzoeleka kwa jina la 5.1, ule unaouona umeandikwa kwenye boksi la sabufa yako Kariakoo. Kabla ya hapo mtu wa sauti aliitwa edita au mchanganyaji. Murch alijiona kama mtu anayepamba nafasi, ukumbi mzima ukiwa ndio chumba chake, na ndipo cheo cha mbunifu wa sauti kilipoanza kushika. Yeye na wenzake watatu walichukua Oscar ya sauti.

Mwanzo wa filamu kuna helikopta zinazunguka ukumbi, na feni ya dari ya chumba cha hoteli. Helikopta ile siyo helikopta, imetengenezwa kwa sintesaiza (mashine ya kuunda sauti kwa umeme), imechambuliwa vipande vipande mpaka inakuwa kama mzimu. Iko kichwani mwa yule askari aliyelala kitandani. Baadaye anasimama dirishani, nje ni mtaa wa Saigon: filimbi ya polisi, honi, nzi. Taratibu filimbi inageuka nyenje, honi zinakuwa ndege wa porini, nzi anakuwa mbu. Picha bado iko hotelini, masikio yameshaingia msituni. Hakuna aliyesema "anakumbuka vita". Na sauti yake ya kusimulia ilirekodiwa mdomo ukiwa karibu kabisa na maikrofoni, ikatandazwa kwenye spika zote tatu za mbele, wakati mazungumzo ya kawaida yamebanwa kwenye ile ya katikati. Ndiyo maana inasikika kama iko ndani ya fuvu lako.

Sasa sini ya daraja usiku. Mabomu, risasi, watu wanapiga kelele, muziki wa gitaa unalia. Kuna Mvietinamu gizani amejeruhiwa au amenasa kwenye nyaya, anatukana. Wanamwita askari mmoja anayeitwa Roach, mwenye bunduki ya kurusha makombora madogo. Roach anasikiliza. Murch anaanza kuondoa. Mabomu yanaondoka, risasi zinaondoka, ingawa kwenye picha bado unaona miale. Inabaki sauti ya yule mtu gizani, peke yake, kwa sababu hicho ndicho Roach anachokisikia. Anapiga. Kimya.

Hebu fikirieni hapo bajeti yote ya kelele ilikuwepo. Angeweza kutubomoa masikio. Akachagua mtu mmoja.

Murch ana kanuni yake aliyoiokota akitengeneza filamu ya THX 1138, ya 1971, yenye roboti za polisi. Roboti mmoja akitembea, kila hatua lazima ipatane na picha. Wawili, bado lazima ipatane. Wakifika watatu, ubongo unaacha kuhesabu, unasikia "kundi linatembea" na hatua zikikosea hakuna anayejua. Kwa hiyo mpaka uko mahali fulani kati ya mbili na tatu. Kwenye shambulio la helikopta la Apocalypse Now alikuwa na matabaka sita: mazungumzo, helikopta, muziki wa Wagner (mtunzi wa Kijerumani), bunduki, milipuko, na nyayo na vitu vidogo. Akiyafungua yote kwa pamoja, ilikuwa kelele tu, hakuna kinachosikika. Akawa anafungua na kufunga, kitu hiki kinaondoka sekunde chache ili kile kipite, hata muziki wenyewe, na mtazamaji anaapa kwamba alivisikia vyote muda wote.

Nyundo_77

Mzee, hizo nadharia tamu ila tuko Tanzania. Filamu inapigwa siku chache, nyumba ya kuazima, jirani anakaanga samaki na redio iko juu, bodaboda zinapita, jogoo anawika saa tisa mchana. Muziki tunaweka mwanzo mwisho kwa sababu ukiutoa unasikia hayo yote. Muziki ni blanketi. Coppola alikuwa na mamilioni ya dola, mimi nina mkopo wa shemeji.

Kijana wa Keko

Mkopo wa shemeji 😂😂 umenimaliza

Sikio la Tatu (mleta uzi)

Nyundo, umesema kweli kuliko wote humu, na ndiyo maana nakujibu kwa urefu.

Muziki ni blanketi, sawa. Shida ni kwamba jogoo anabadilika kila kata. Mwigizaji wa kwanza anaongea, kuna redio. Unakata kwa mwenzake, redio haipo, kuna jogoo. Unarudi, redio iko wimbo mwingine. Sikio linaushika huo mruko hata chini ya muziki. Dawa yake haina gharama: kila sini ikiisha, kabla watu hawajaanza kufungasha, mnyamazishe kila mtu na urekodi chumba kitupu kwa dakika moja. Hakuna anayesema, hakuna anayekohoa. Hewa hiyo ndiyo utakayoitandika chini ya mazungumzo yote, ikaziba mashimo kati ya kata na kata. Waigizaji watakununia. Waache wanune.

La pili, muziki ukiwa kila mahali hausemi kitu. Ukimwekea mama anayepika vinanda vya huzuni, siku anapofiwa utampa nini? Hitchcock tena: The Birds ya 1963 haina muziki wa kawaida kabisa. Milio ya ndege wengi ilitengenezwa na Mjerumani Oskar Sala kwa kinanda cha umeme, na Bernard Herrmann, mtunzi mkubwa, alikaa hapo kama mshauri wa sauti bila kutunga wimbo. Watu waliogopa kunguru. Sisi kunguru tunao, tena Dar nzima ni yao.

La tatu ni la mfuko wako. Kitu kisichoonekana hakikodiwi. Unataka gari la polisi? Usilete gari. Mwigizaji yuko sebuleni, nje breki, mlango wa chuma, redio ya upepo inakoroma, viatu viwili vinakuja. Uso wake unatosha. Kuna filamu ya The Zone of Interest, ya 2023, inayohusu familia ya mkuu wa kambi ya mauaji ya Wanazi, Auschwitz. Kamera haiingii kambini mateso yanapotendeka. Unaona bustani, watoto, mama na maua yake. Nyuma ya ukuta unasikia tanuru linavuma mfululizo, risasi, mayowe ya mbali. Johnnie Burn, aliyeibuni sauti hiyo, alikusanya utafiti mnene sana kabla ya kurekodi chochote: mashine gani zilikuwepo, ziko umbali gani na bustani, sauti ingefikaje. Yeye na Tarn Willers wakapewa Oscar mwaka 2024. Filamu nyingine nzima ipo humo, na haikupigwa picha.

Kwa hiyo shemeji akiuliza hela imekwenda wapi, mwambie gari la polisi umeokoa.

mama_wa_mikocheni

Hiyo filamu niliizima katikati. Sikuona kitu kibaya hata kimoja na bado sikuweza kuendelea. Sasa nimeelewa.

Mwanafunzi Dodoma

Shikamooni wakubwa. Niko chuo, tunatengeneza filamu fupi ya darasa. Tuna simu mbili na kamera moja ya kuazima. Nianzie wapi bila kununua vitu vya laki tisa?

Sikio la Tatu (mleta uzi)

Marahaba mdogo wangu.

Maikrofoni ya kamera isahau, ile iwe ya kumbukumbu tu. Simu ya pili izime mawasiliano, iweke programu ya kurekodi, kisha ifiche karibu na mdomo wa mwigizaji: mfuko wa shati, nyuma ya chombo cha maua, chini ya kikapu. Umbali ndiyo kila kitu. Maikrofoni ya bei ndogo karibu na mdomo inaipiga ya bei kubwa iliyo mita tatu. Mwanzo wa kila kipande mtu apige kofi moja mbele ya kamera, hilo kofi ndilo utakalotumia kuoanisha picha na sauti. Rekodi kwa kHz 48, kipimo cha sampuli kinachotumika kwa sauti ya video.

Chumba chenye vigae na kuta tupu kinarudisha mwangwi, na mwangwi ukishaingia kwenye maneno hautoki vizuri. Tandikeni magodoro na mablanketi sehemu ambayo kamera haioni. Friji chomoa. (Na mwenye nyumba umkumbushe kuichomeka, nyama ya watu isioze.)

Programu: DaVinci Resolve ya bure ina ukurasa mzima wa sauti, unakutosha mpaka utoke chuo. Ukitaka ya kujitegemea, Reaper leseni yake ndogo ni dola 60 na inakuruhusu kuijaribu kwanza. Nyayo zifanye wenyewe, hosteli usiku ina kila aina ya sakafu.

Na wakati wa kuchanganya anza na mazungumzo peke yake. Filamu yote. Zima vingine. Yakieleweka, ongeza sauti ya mahali, halafu milio, muziki uwe wa mwisho kuingia. Kila unachoongeza kizime tena, sikiliza, jiulize kama umekikosa. Kama hukukikosa, kiache kimezimwa.

Nyundo_77

Sawa mzee, nimekuelewa kwenye redio na jogoo. Ila swali la mwisho: jenereta. Umeme ukikatika tunawasha jenereta ndiyo taa ziwake, na hilo linaunguruma filamu nzima. Hapo napo nirekodi chumba kitupu?

Sikio la Tatu (mleta uzi)

Kwanza nunua kebo ndefu, hiyo ni gharama moja ya maana. Jenereta lipelekwe nyuma ya nyumba, kona mbili za ukuta kati yake na mwigizaji, bomba la moshi litazame upande mwingine. Usilizungushie blanketi, litaungua.

Halafu ndiyo, rekodi chumba kitupu likiwa linaunguruma, kwa sababu mngurumo wake hautulii sawasawa mzigo wa taa ukibadilika. Na mngurumo mwingi uko kwenye masafa ya chini (sauti nzito), sauti ya mtu iko juu yake, kwa hiyo ukikata masafa ya chini kwenye maneno unaondoa sehemu kubwa bila kumjeruhi mwigizaji.

Lakini kabla ya yote muulize mwandishi wako. Sini ya nyumba ya Kitanzania umeme umekatika, jenereta la jirani linaunguruma, watu wanapandisha sauti kuongea: hiyo nayo si sini? Mpe mwigizaji sababu ya kupaza sauti, na jenereta litakuwa limeandikwa kwenye skripti.

Nyundo_77

Naandika upya ukurasa wa nane sasa hivi.